Singo Iliyonichuna Ngozi

Wewe unayejikuna sasa hivi, weka kucha chini kwanza unisikilize. Sikufundishi udaktari, siujui. Nakuandikia kwa sababu wakati ngozi yangu inabanduka hakuna aliyeniambia kwamba kitu kizuri, kinachonukia, kilichotengenezwa na mtu anayekupenda, kinaweza kukuchuna ukiwa hai. Waliniambia mambo mengine. Waliniambia nimerogwa, na kwa neno hilo mtu asiye na hatia akavunjwa mkono uani kwetu, mchana kweupe.

Tulikuwa tukikaa Kinondoni, kwenye nyumba ya shangazi yangu Bi Tatu. Ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu Rajabu baada ya wazazi wetu kufariki. Shangazi alikuwa somo. Bi harusi wa Kinondoni na Msasani walipita mikononi mwake, akiwaweka ndani, akiwafunda, akiwasinga mwili kwa singo yake mwenyewe ya manukato ya kutwanga mpaka wakitoka wanang'aa na njia nzima inajua nani anaolewa. Singo za masomo wengine zilikuwa singo. Ya Bi Tatu ilikuwa jina lake.

Chumba cha mwisho, kile kinachotazama uani, alipanga Kornelio, Mmakonde mchonga vinyago, pamoja na mkewe Anastazia. Kornelio alichongea chini ya ukuta wa uani, amekaa chini, gogo la mpingo katikati ya miguu yake, na vumbi lake jeusi lilitua juu ya nguo tulizoanika. Shangazi alilalamikia vumbi hilo kila siku ya Mungu. Anastazia naye alikuwa akimjibu kwa kucheka, kwa sababu ndivyo walivyozoeana.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Sabuni ikifika duka la ushirika watu walipigana viwiko mpaka vilemba vikavuka. Mafuta mazuri, marashi, vitu vya kujipamba, vyote vilipotea madukani, na ukimwona mwanamke ananukia ulijua ana mtu wake. Mimi sikuwa na haja ya mtu. Nilikuwa na shangazi.

Niliposwa na Salumu, kijana wa kiwanda cha nguo, na nikawekwa ndani kiangazi kikiwa kikali kabla ya masika. Dirisha lilizibwa kwa kanga. Nilisingwa asubuhi na jioni, mwili mzima, shingo, mgongo, mpaka katikati ya vidole, halafu nikafukizwa udi nikiwa nimefunikwa. Anastazia aliniletea zawadi yake mapema, kitana cha mpingo alichochonga mumewe, chenye samaki mdogo kwenye mpini. Nilikipenda mno. Katika vyote nilivyopewa siku zile, hicho peke yake hakikuwa cha kumfurahisha mwanamume.

Muwasho ulianzia shingoni. Nikamwambia shangazi.

"Ndiyo kazi yake," akasema. "Uchafu unatoka. Hebu geuka."

Akaongeza singo. Akanisugua mpaka nikauma mto. Siku iliyofuata uso ulivimba, macho yakaziba, nikawa naona ufa tu wa mwanga. Kisha ngozi ikaanza kupasuka na kutoa maji. Maji yale yakikauka yaligandisha kanga mwilini, na kila waliponivua kanga walinivua na mimi. Nisikufiche, niliwahi kuomba wanifunge mikono. Rajabu alinifunga kwa kitambaa kwenye nguzo ya kitanda huku machozi yanamtoka, nami nikajisugua mgongo kwenye kamba za mlala za kitanda kile mpaka shuka likawa na damu. Mtu akikwambia muwasho si maumivu, mwombe Mungu asimwonyeshe.

Shangazi alifanya alilolijua. Alisinga zaidi. Nikazidi kuchubuka. Na kwa kuwa singo haiwezi kukosea, ikabidi akosee mtu.

"Kabla ya kitana kile ulikuwa mzima," akasema.

Alilisema taratibu tu, akikoroga singo kwenye bakuli. Rajabu alikuwa mlangoni. Kaka yangu ni mtu ambaye hasira humfika mkononi kabla ya kumfika kichwani. Alikichukua kitana chini ya mto wangu, akakitupa kwenye jiko la mkaa, akatoka uani. Nikasikia kofi. Halafu sauti ya Kornelio, "Rajabu, ndugu yangu, nimekukosea nini?" Halafu kofi jingine, na Anastazia anapiga ukelele.

Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilitoka nikipapasa ukuta, nikachukua koleo, nikakitoa kitana motoni. Meno ya upande mmoja yalikuwa yamekwisha kuwa makaa. Shangazi akanikaripia nikitupe. Nikamwambia ni changu, na nikakilalia.

Tangu hapo uani pakawa na vita. Watu walimtemea mate Anastazia bombani. Mtu alirusha jiwe kwenye mlango wao. Mama yake Salumu alikuja kunitazama, akanifunua kanga usoni kwa nguvu, ikatoka na kipande cha shavu langu, akapiga hatua nyuma na kusema, "Mwanangu haoi ukoma." Akaondoka bila kunywa hata maji. Balozi wetu wa nyumba kumi naye akampa Kornelio mpaka mwisho wa Agosti awe amehama, kwa usalama wake. Usalama gani, sijui, maana waliomtishia walikuwa vijana wa balozi huyo huyo.

Salumu hakuruhusiwa kuniona. Alikuja nyuma ya nyumba na barafu aliyoomba kwa wauza samaki wa Msasani, imefungwa kwenye gunia, akaipenyeza kwenye dirisha chini ya kanga. Niliona mkono wake tu. Barafu ile ilinuka samaki, na mpaka leo harufu ya samaki kwangu ni harufu ya nafuu.

"Mwanaidi," akasema kwa nje, "twende hospitali."

"Harusi je?"

"Harusi itangoja. Wewe hungoji."

Nikatolewa ndani kabla ya siku zangu, jambo ambalo shangazi hakunisamehe kwa muda mrefu.

Nenda na kitu cha kupepea, hilo ndilo la kwanza la kukushauri. Benchi la kliniki ya ngozi si benchi la watu wanaokohoa. Pale kila mtu anakutazama ajue kama una chake au una kibaya zaidi. Mimi nilifunikwa kanga mbili, na watu wakaniachia nafasi pande zote. Mama mmoja tu, miguu yake imeoza vidonda, alisogea mpaka karibu yangu, akanipepea kwa kipande cha boksi mpaka zamu yangu ikafika. Hakuniuliza ninaumwa nini, na sikumjua jina.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Hakunigusa usoni mpaka aliponiomba ruhusa. Alisema nisipakwe kitu chochote kinachonukia, nioge maji ya dawa ya zambarau, nipakwe dawa nyeupe nzito. Masika ikaanza. Mvua ikipiga bati, mimi naoga maji ya zambarau, na ngozi ya zamani ikawa inatoka kama maganda ya kitunguu. Chini yake palikuwa na ngozi nyekundu, laini, ya mtoto. Nililia kwa furaha nilipoweza kufumba jicho bila kuumia.

Shangazi naye alifurahi. Kwa furaha hiyo akanisinga tena, kidogo tu, mikononi na mgongoni, ili nirudishe rangi. Kabla ya jua kuzama siku ya pili nilikuwa sakafuni napiga kichwa ukutani. Salumu na Anastazia ndio walionibeba mpaka hospitali. Ndiyo, Anastazia. Mumewe ametukanwa, mlango wake umepigwa mawe, na bado alinishika miguu.

"Sasa inatosha," daktari akasema. "Ngozi ikitulia tutapima. Leteni kila kitu kinachomgusa. Kila kitu."

Ngozi ilitulia upepo wa kusi ulipoanza na joto kupungua. Nikaenda na kapu. Humo mlikuwa na sabuni, mafuta ya nazi, kopo la singo, na kitana changu nusu makaa. Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye meza ya mbao na chupa za kahawia. Daktari alikwangua vumbi la mpingo kwenye kitana kwa tupa, akachukua singo kwa kijiti, akaweka kila kitu kwenye kitambaa chake kidogo, akavibandika mgongoni kwangu kwa plasta na kuweka alama pembeni kwa wino. Nisioge. Nisitoke jasho. Nisijikune. Mpe mtu wa Dar es Salaam masharti hayo uone atakavyokutazama.

Nililala kwa kukaa. Chini ya kitambaa kimoja paliwaka moto, na sikujua ni kipi. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti isiwe mpingo. Kama ungekuwa mpingo, wangemuua yule mtu.

Daktari alipobandua alivuta pumzi. Akanishikia kioo kidogo ili nione kwenye kioo kikubwa. Mahali pa singo palikuwa pamevimba, pekundu, na malengelenge yamesimama. Mahali pa kitana palikuwa na ngozi tupu, ngozi yangu mwenyewe, safi.

Nikarudi nyumbani. Nikawavulia mgongo shangazi na Rajabu, nikawaonyesha kwa kidole. Rajabu akasema mchawi hatumii vumbi, anatumia nia. Shangazi akasema singo yake imesinga wanawake kabla mimi sijazaliwa na haijamdhuru mtu. Nikapandwa na hasira nikawaambia kama mgongo wangu ni mwongo basi wauulize wenyewe.

Daktari alitaka vilivyomo ndani ya singo, kimoja kimoja. Hapo ndipo pagumu, na asiyekulia kwetu hawezi kuelewa. Somo hatoi singo yake. Anaweza kukupa nyumba yake, asikupe alichochanganya. Humwachia mwanafunzi wake mmoja, tena akiona kifo. Na huyu alikuwa akiombwa na mwanamume, kijana, mbele ya chupa za kahawia.

Siku nyingi zilipita. Mwisho wa Agosti, siku aliyopewa Kornelio kuhama, ukakaribia. Asubuhi moja shangazi akavaa buibui, akasema, "Twende," na pembe za kanga yake zilikuwa zimefungwa mafundo. Kule maabara alifungua fundo moja moja bila kumtazama daktari usoni. Liwa. Karafuu. Majani ya mpachori. Asumini kavu. Nilimwonea huruma, maana alikuwa kama mwizi anayerudisha alichoiba.

Nikabandikwa tena. Tukarudi tena kubanduliwa, mimi na yeye. Na safari hii mgongo haukutoa habari. Liwa salama. Karafuu salama. Vyote salama. Lakini singo nzima, ambayo daktari aliibandika tena pembeni, ilikuwa imeniuma vile vile.

Daktari akavitazama vile vitambaa. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mama, humu mna kitu ambacho hukuniletea."

"Nimekuletea vyote."

"Mama, vilivyomo haviumi, singo yenyewe inauma. Kuna kimoja kimebaki nyumbani."

"Nimemaliza, mwanangu," shangazi akasema. Akafunga kanga yake. Kule njiani alitembea nyuma yangu, na mimi nilidhani amechoka.

Kelele tulizisikia kabla ya kufika. Uani palijaa watu; siku ya Kornelio kuhama ilikuwa imefika. Vyombo vya Kornelio vilikuwa vimetupwa nje, kitanda, sufuria, vinyago, tupa, patasi. Vijana wawili walikuwa wamemkalia mgongoni. Rajabu alikuwa ameuvuta mkono wake wa kulia akaulaza juu ya gogo lile lile la kuchongea, na mkononi ameshika nyundo ya Kornelio mwenyewe. Anastazia alikuwa amemng'ang'ania Rajabu begani kwa meno, damu inashuka kwenye fulana, na Rajabu hakumsikia wala hakuhisi.

"Sema ulichomfanyia dada yangu!"

"Nimechonga kitana," Kornelio akasema.

Nyundo ikashuka. Mie nilikuwa nimekwisha kuanza kukimbia. Sauti ya mfupa haikuwa kubwa, ilikuwa kama kuvunja kijiti cha kuwashia moto. Ikanyanyuka, ikashuka tena, na vidole havikuwa tena na umbo la vidole. Nilimrukia kaka yangu nikamkwaruza uso kwa kucha zote nilizokuwa nimekatazwa kujikunia.

Ndipo shangazi akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani.

"Mwacheni! Ni chupa! Ni chupa yangu!"

Akaingia chumbani mbio, akatoka na kichupa kidogo cha kioo kisicho na karatasi ya jina, akakiinua juu kila mtu akione. Marashi ya mawaridi yalikuwa yameadimika, na singo bila waridi si singo. Kwa hiyo alikuwa akinunua kichupa hicho kwa mtu wa magendo, akitia tone moja tu, na watu wakazidi kuisifu singo yake kuliko zamani. Hakujua kilichomo. Alikuwa anakificha kwa sababu ya jina lake. Tangu pale maabara, daktari alipomwambia kuna kimoja kimebaki nyumbani, alikuwa anajua ni kipi.

Halafu, ungewaona, kila mtu akakumbuka ana chungu jikoni. Balozi akatazama saa. Vijana wakasimama wakajipangusa magoti. Rajabu akabaki na nyundo mkononi, akiitazama kana kwamba kuna mtu amempa aishike kidogo.

Kornelio tulimpeleka hospitali ile ile, tukakaa kwenye benchi. Mkono alikuwa ameulaza kwenye kanga ya mkewe. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mgongo wako, dada, walisema nini?"

Kichupa nacho kilipimwa, maana daktari alisema ukelele wa shangazi si kipimo. Alichanganya tone dogo mno na mafuta mazito yasiyonukia, akalibandika peke yake. Sikufikisha siku ya kubanduliwa. Nilirudi asubuhi iliyofuata nimejikunja, na alipotoa plasta ngozi ilikuja nayo. Alama iko mpaka leo, nyeusi, mviringo, karibu na bega. Salumu huiita muhuri wa serikali. Nimemzoea.

Maana tulioana, baada ya mvua za vuli. Nilioga maji ya kisima, nikajipaka mafuta ya nazi, basi. Salumu alinyoa nywele zote ili asije akatamani kuzipaka kitu. Mama yake alihudhuria, akakaa nyuma, na alinibusu mkono badala ya shavu. Jina la ukoma halikutajwa. Mimi sikulisahau.

Kabla ya harusi shangazi alikwenda chumba cha mwisho. Nilikuwa uani, niliona. Alipiga magoti mlangoni, mtu mzima yule, akamwomba Anastazia msamaha, na akamwomba awe mwenye kuniogesha mimi siku ile, heshima ambayo kwetu haipewi mpangaji.

"Bibi, simama," Anastazia akasema. Alikuwa akifunga mizigo, hakuacha kufunga. "Sie hatukukasirikii kwa sababu ya chupa. Hukujua ya chupa. Lakini ulipokuwa unarudi kutoka hospitali ulikuwa unajua, na mkono wa mume wangu ulikuwa bado mzima."

Shangazi akasimama, akarudi chumbani kwake. Hakusinga tena bi harusi. Kopo la singo alilimwaga shimoni kwenye choo, na kinu alichotwangia akakipasua kwa shoka, peke yake, kwa muda mrefu, akikataa kusaidiwa.

Rajabu alifungwa. Alirudi amekonda na mpole, na upole wake ulinichosha kuliko hasira yake, kwa kuwa haukumrudishia mtu kidole. Nampikia akija. Ni kaka yangu. Lakini nyundo nikiiona mkononi mwake, hata anapogonga msumari, naondoka.

Kornelio na Anastazia walihamia Kiwalani. Niliwatembelea, na Anastazia alinipokea, akanipa uji, akanitazama ngozi pande zote kama mtu anayekagua kitambaa. Mkono wa Kornelio ulipona kwa kujikunja. Haushiki patasi. Wengine wanachonga, yeye anapiga msasa vinyago vyao kwa mkono wa kushoto, na vumbi bado linamtua magotini.

Sasa nakurudia wewe unayejikuna. Ngozi itatulia. Itachukua majira, si wiki, na itarudi ukidhani imeondoka, lakini itatulia. Kaa kwenye benchi, na akija mtu aliyefunikwa kanga mbili, sogea umpepee. Siku ukiambiwa ulete kila kitu, leta kila kitu. Leta na kile unachokionea haya. Kile hasa ndicho ukitangulize juu ya kapu. Na kama anayekutengenezea ni mama yako au shangazi yako, mshike mkono uende naye, mbembeleze, mlilie, mpaka fundo la mwisho lifunguke.

Kitana ninacho. Maabara hakikupungua sana, ni makwaruzo tu ya tupa kwenye mkia wa samaki. Upande mmoja ni makaa, upande mwingine una meno, na meno hayo ndiyo ninayochania nywele kila asubuhi. Hakijaniwasha hata siku moja.